Baa kongwe za vijijini Uingereza, na dereva asiyekunywa

Nusu ya matatizo ya safari hii ya kuzungukia baa iliisha kabla hatujatoka mji wa Reading, kwa sababu dereva hanywi. Swahiba wangu ni mtu wa Mombasa, Mji wa Kale, hajawahi kuonja pombe maishani. Mimi ni wa Marangu, na huko pombe ni mada ya heshima. Sheria ya England inamruhusu dereva hadi miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu (Scotland walishusha hadi 50 mwaka 2014), lakini barabara za vijijini kule zina upana wa gari moja, miti imesimama kama ukuta pande zote mbili, halafu trekta hilo linakuja. Hapo sitaki kusikia hesabu ya miligramu ya mtu yeyote.

"Sasa Mangi, mimi nitafanya nini humo ndani?" aliniuliza. Nikamwambia: utakula, utaota moto, utatazama nyumba. Maana baa hizi ni nyumba kwanza. Nyingi zilianzia sebuleni kwa mkulima, na mwaka 1830 ikapitishwa sheria iliyomwezesha karibu kila mlipa kodi kutoa ada ndogo tu na kuuza bia kwake. Ndiyo maana ukiingia unakuta vijichumba, dari inayotaka uiname, na meko kubwa kuliko kaunta.

Tulijiwekea utaratibu wa baa mbili kwa siku, basi. Moja ya mchana kwa chakula, nyingine ya jioni karibu na tunapolala. Na kabla ya kuwasha gari unapiga simu, maana jikoni kwao hufungwa saa nane au saa nane na nusu mchana bila huruma, baadhi hufunga mlango kabisa mpaka jioni, na siku ya Jumatatu kuna zile ambazo hazifunguki hata kwa dua. Beba na noti mfukoni.

Tulianza na The Bell, kijiji cha Aldworth, Berkshire, kwa kuwa haiko mbali na nyumbani. Ningeshauri kila mtu aanzie pale. Familia ileile imeishika kwa zaidi ya miaka 250. Hakuna kaunta. Kuna kidirisha chenye vioo vidogo vidogo, unainama, unasema unachotaka, mkono unatoka na glasi. Chakula chake maarufu ni mkate wa duara wenye ganda gumu uliojazwa nyama au jibini, na haujifanyi kitu kingine zaidi ya mkate. Swahiba alichukua wa jibini na soda ya tangawizi. Tulipomaliza tukavuka hadi kanisa la kijiji kuangalia masanamu tisa ya mawe ya ukoo wa De la Beche, wengi wao mashujaa wa karne ya 14, wamelala na viungo vilivyovunjwavunjwa. Hayo yalimpendeza kuliko mkate.

Kuhusu bia yenyewe, wenzangu wa Tanzania mjiandae. Mkiulizwa nyumbani "ya moto au ya baridi?", hii ni ya katikati. Inatunzwa kwenye pipa chini ya sakafu, kwenye nyuzi joto 11 hadi 13 hivi, bado inaendelea kuchachuka humo humo, na inavutwa kwa pampu ya mkono. Kusini wanakuletea glasi imejaa mpaka ukingoni, povu karibu hakuna, na unaweza kudhani umepunjwa. Ukifika Yorkshire wanapitisha bia kwenye kichujio kidogo chenye matundu mdomoni mwa bomba, povu linasimama zito. Mimi ni wa povu. Glasi kamili ni mililita 568, kwa hiyo nilijifunza kuomba nusu, na kuomba kuonja kwanza; wanakumiminia kidogo bila kununa. Hakuna mhudumu wa kukufuata mezani. Unaenda mwenyewe kaunta, unalipa papo hapo. Na ofa zao zina zamu: aliyenunuliwa atanunua, asipofanya hivyo watamkumbuka.

The Fleece, kule Bretforton, Worcestershire, ndiyo iliyotuchukua muda mrefu kuliko zote. Ilikuwa nyumba ya shamba tangu karne ya 15, ikageuzwa baa mwaka 1848. Mwenye nyumba wa mwisho, Lola Taplin, alipofariki mwaka 1977 aliiachia National Trust, shirika la kuhifadhi majengo ya kale, na inasimuliwa kuwa aliweka sharti kwamba visiuzwe viazi vya kukaanga vya pakiti. Mbele ya meko, sakafuni, kuna duara zilizochorwa kwa chokaa kuzuia wachawi wasiingie kwa njia ya bomba la moshi. Swahiba alichuchumaa akazitazama kwa makini sana, akainuka, akasema, "Hawa wanatucheka hirizi zetu bure." Kisha akakaa pale na mzee mmoja wa kijijini wakazungumza habari za mvua na bei ya mafuta mpaka chai ikapoa. Alipotoka alinieleza kwamba sasa ameelewa, ile ni baraza, ila wao wameitia paa kwa ajili ya baridi.

Kitu ambacho sikuwa nimekifikiria ni mbwa. Baa za mashambani zinakaribisha mbwa, na mbwa aliyetoka mvuani huenda moja kwa moja motoni, na motoni ndipo alipokaa swahiba. Mmoja alimwekea pua yenye maji gotini. Mtu wa madhehebu ya Shafii anajua maana yake: kuosha mara saba, moja kwa udongo. Mwenye mbwa aliona uso wake tu, akamvuta mnyama na kuomba radhi vizuri. Kuanzia hapo tulikuwa tunauliza meza ya pembeni, na kwenye buti la gari kukawa na suruali ya akiba. Chakula nacho kinahitaji kuuliza: kule Yorkshire chipsi nyingi hukaangwa kwa mafuta ya ng'ombe, na mchuzi wa pai aghalabu umetiwa bia.

Derbyshire tulipita haraka, tukaingia Barley Mow ya Kirk Ireton ambako bia inatoka moja kwa moja kwenye mapipa yaliyopangwa nyuma ya muuzaji, tukalala mji wa jirani.

Mwisho wa njia ulikuwa Tan Hill, juu kabisa ya Yorkshire, mita 528 kutoka usawa wa bahari. Hakuna baa iliyo juu zaidi Uingereza nzima. Zamani wateja wake walikuwa wachimba makaa ya mawe, leo ni watembea kwa miguu wa njia ya Pennine. Novemba 2021 theluji ilifungia watu zaidi ya 60 humo ndani kwa siku tatu, pamoja na bendi iliyokuja kupiga nyimbo za Oasis, kundi maarufu la roki la Uingereza. Tulichukua chumba hapohapo, maana ile barabara ya kutoka kijiji cha Keld sitaki kushuka nayo usiku, hata akiendesha asiyekunywa. Kondoo wanalala katikati ya lami.

Safari ijayo ni Dorset, Square and Compass ya Worth Matravers, yenye kidirisha badala ya kaunta na chumba kilichojaa visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe. Hii ameichagua yeye.