Majani Niliyoyaonea Huruma

Siku jirani yangu aliponiomba miche ya mchaichai, wangu ulikuwa umenifika kifuani, na katikati ya shina majani yalikuwa yameanza kukauka kwa kubanana. Nilifurahi kuombwa, kwa kuwa mmea huu hutoa maua kwa nadra sana, na anayeutaka hana njia nyepesi kuliko kumegewa shina na mwenye nao. Nilichimba upande mmoja kwa koleo, nikang'oa machipukizi matano na kumkabidhi yalivyo, majani marefu yakining'inia hadi magotini pake. Yalipendeza mno.

Baada ya wiki mbili aliniambia kwa upole, kana kwamba kosa ni lake, kuwa yote yamekauka. Nakiri kwamba nilimshuku papo hapo kuwa hakumwagilia. Nilipokwenda kutazama, nilikuta udongo una unyevu, jua linafika na maji hayatuami. Aliyekosea ni mimi: koleo langu lilikuwa limekata sehemu kubwa ya mizizi, nami nikayaonea huruma majani na kuyaacha yote, yakaendelea kupoteza maji ambayo mizizi michache iliyosalia haikuweza kuyarudisha.

Tulichimba tena, safari hii pamoja. Nilichagua mabua ya pembeni, manene na meupe upande wa chini, kila moja likiwa na mizizi yake, kisha nikakata majani yote hadi yakabaki kama shubiri moja.

“Mwanangu, si unaumaliza huo?” aliuliza.

Kingo za majani zilikuwa zimenichana vidole, mikwaruzo myembamba ambayo mtu haihisi mpaka jasho liingie, na mikono yetu yote minne ilinukia limau. Harufu hiyo hutokana zaidi na kemikali iitwayo sitrali, ambayo imo pia katika maganda ya limau lenyewe.

Lilibaki rundo la majani mabichi, nasi hatukutaka litupwe. Tuliyaosha, tukayakunja mafundo na kuyapondaponda kidogo kwa mchi. Mimi nilizoea kuyachemsha kwa muda mrefu sufuria ikiwa wazi, nikilalamika kila mara kwamba chai haina harufu. Yeye aliepua maji yalipochemka, akatumbukiza mafundo, akafunika na kunikataza kufunua kwa dakika kumi. Tangu siku hiyo sijachemsha tena mchaichai bila mfuniko. Majani yaliyozidi tuliyafunga matita mawili ya kuanika kivulini, moja lake, moja langu.

Siku ya nne aliniita uani kwake. Katika kila bua, jani la ndani lilikuwa limewapita wenzake kwa upana wa vidole viwili, kijani kibichi, ncha yake ikiwa bado imekatika sawasawa kama nilivyoiacha na kisu.