Nilivyoacha kuhesabu kalori na kitambi hakikurudi

Mimi ni mhasibu, kwa hiyo kuhesabu hakujawahi kunisumbua. Tabu ilikuwa kuacha. Tulipopimwa afya kazini nikaambiwa presha imeanza kupanda na nipunguze uzito, nikaweka kwenye simu programu ya kuhesabu kalori, nikanunua mizani ya kusimama na nyingine ya jikoni, na kweli nikapungua. Presha ikashuka. Suruali zikalegea mpaka wenzangu wa ofisini pale Mtumba, Dodoma, wakaanza kuulizana chinichini kama naumwa, maana huku kwetu mtu akikonda hilo ndilo swali la kwanza.

Uzito niliotaka niliufikia, lakini hesabu zikakataa kufungwa. Kila asubuhi, kabla sijanywa hata maji, nilikuwa juu ya mizani. Ikipanda nusu kilo nilishinda na uji mtupu, na hasira zote zikaishia kwa watoto. Usiku nilipanga kesho nitakula nini na gramu ngapi. Mke wangu aliniuliza mezani, "Baba watoto, unakula au unafunga mwaka wa fedha?"

Mambo yalianza kulegea Chamwino, kwa shangazi. Ugali wa uwele ulikuja kwenye sinia moja, mlenda wa karanga kwenye bakuli moja, tukakaa na binamu zangu kuzunguka. Sasa andika hapo! Kila mtu anamega tonge lake, mlenda unavutika, huwezi kujua umechota kiasi gani. Programu yenyewe haikujua mlenda ni kitu gani. Shangazi akaniona nimeshika simu, mkono wa kulia umeganda juu ya sinia. "Mwanangu, unasubiri mshahara?" Nikaiweka mfukoni, nikala mpaka nikashiba. Kushiba kwenyewe nilikuwa nimekusahau.

Sikuacha siku hiyo. Ila nilirudi mjini na swali la kazini kwangu: takwimu hizi zina uhakika kiasi gani?

Nikasoma. Kalori 4 kwa gramu ya wanga au protini, 9 kwa gramu ya mafuta: msingi wa namba hizo ni kazi ya Mmarekani Wilbur Atwater, mwishoni mwa karne ya 19, na ni wastani. Siidharau kazi yake. Lakini kati ya wastani huo na sahani yangu kuna mengi. Ugali mgumu una unga mwingi kuliko ugali laini wa uzito uleule, tofauti ikiwa ni maji tu. Mboga ya kuunga inategemea mkono wa mpishi, na kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya alizeti kina kalori kama 120. Mimi nilikuwa naandika 1,847 utadhani nina risiti.

Mizani nayo ni hivyohivyo. Uzito wa mtu mzima unaweza kupanda au kushuka kilo moja hata mbili ndani ya siku chache kwa ajili ya maji, chumvi na kilichomo tumboni. Wanga unaohifadhiwa kwenye ini na misuli hukaa na maji, karibu gramu 3 kwa kila gramu 1. Ile nusu kilo iliyokuwa inanichafulia siku, mara nyingi ilikuwa maji, pamoja na dagaa wa chumvi wa jana yake.

Kulikuwa na jambo jingine, na hili lilinigusa zaidi. Mwaka 1944 hadi 1945, Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, Ancel Keys na wenzake waliwapunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea, kwa takriban miezi sita. Baadhi yao wakawa wanasoma vitabu vya mapishi na kuwaza chakula kutwa. Njaa yangu haikufika huko hata kidogo, lakini usiku nilikuwa natazama video za watu wanaokaanga chipsi mayai mpaka nasinzia. Basi si tabia peke yake. Nilikuwa na njaa.

Nilianza na mizani. Ya jikoni nilimpa shemeji yangu anayeoka keki. Ya kusimama niliipandisha juu ya kabati, nyuma ya masanduku, ili kuifikia inibidi nilete kiti. Asubuhi za mwanzo nilileta kiti. Baadaye uvivu ukanisaidia.

Programu niliiacha kwa mlo mmoja mmoja: kwanza cha usiku, kwa sababu ndicho tunachokula pamoja, halafu cha mchana, mwisho cha asubuhi. Hata nilipoifuta, kichwa kiliendelea chenyewe. Naona chapati, namba inajileta. Kuifukuza hakusaidii, nilijaribu. Nilichofanya ni kuchagua vyakula ambavyo sikuwahi kuvijua namba yake: kande za kantini, mlenda, kisamvu cha mama ntilie. Kwa zabibu ilikuwa kazi zaidi. Kuishi Dodoma ukiogopa zabibu kwa sababu ya sukari ni adhabu, nami niliitumikia msimu mzima. Siku hizi zikiingia sokoni nanunua, naziosha, nakula na wanangu.

Uzito ulirudi kidogo, kisha ukasimama. Nilichobakisha ni mazoea machache. Mboga za majani zinachukua karibu nusu ya sahani. Mafuta tunapika kwa kijiko, hatumimini kutoka kwenye dumu. Asubuhi ni uji wa uwele wenye karanga za kusaga, na huo unanifikisha mchana bila kutafuta maandazi. Jioni natembea mitaa ya eneo la Kisasa, hapa Dodoma, isipokuwa upepo ukiwa wa kutia vumbi machoni. Hapo nabaki nyumbani na siweki deni.

Presha bado napima, hiyo siichezei. Zahanati wakitaka uzito, napanda mizani nimeipa mgongo na kumwomba nesi aandike tu bila kunitajia. Mara ya kwanza alicheka, sasa ameshazoea. Na mwenye kisukari anayechoma insulini asinifuate mimi kichwa kichwa. Wengine hupanga dozi kwa kiasi cha wanga wanachokula, kwa hiyo azungumze na daktari wake kwanza.

Panaponitatiza bado ni kwenye vikao, soda na sambusa zikipitishwa. Siku nyingine nachukua sambusa, siku nyingine nasema nimeshiba, na mara chache ni kweli.