Nilivyoutoa mchele wangu bandarini kwa penseli

"Kontena lako halimo kwenye mfumo." Jibu hilo nililisikia siku tatu mfululizo, na ushauri ulikuwa ule ule: subiri, meli bado inashusha. Subiri! Huku siku za bure zinayeyuka, na zikiisha unalipia kila siku kontena linalolala pale. Mwingine akasema nitafute "mtu wa ndani". Nikampata, akanywa chai yangu, akarudi na jibu lile lile.

Mzigo ulikuwa kontena moja la futi 20, tani 25 hivi za mchele. Kwangu ndio mtaji wote. Pale bandarini si kitu. Gatini ilikuwa imefunga meli ya ngano isiyo na magunia, mirija inainyonya kutoka tumboni mwa meli, malori yanajaa na kuelekea kwenye vinu. Ndipo nilipoelewa kwa nini gati likikwama, unga hupanda bei hata mbali kabisa na bahari.

Siku ya tatu nilimwita karani wa yadi mwizi. (Nimeshamwomba radhi.)

Usiku nikaitazama upya hati ya shehena. Namba ya kontena ina herufi nne, tarakimu sita, kisha moja ya mwisho niliyoidhani pambo. Nikapekua mtandaoni: kumbe ni ya kuhakiki! A ni 10, B ni 12, hadi Z 38, ukiruka 11, 22 na 33. Ya kwanza zidisha kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, maradufu hivyo hivyo hadi ya kumi kwa 512. Jumlisha, gawa kwa 11, baki ndiyo tarakimu ya mwisho. Baki likiwa 10, huandikwa 0. Mimi nikapata 4, hati inasema 7. Nikarudia, maana mimi na hesabu shuleni tulikuwa hatusalimiani. 4 tena. Nikaanza kugeuza tarakimu zilizo jirani, jozi moja moja. Jozi ya tatu: 7! Nilicheka hadi mke wangu akaamka.

Asubuhi wakala wa forodha akaingiza namba hiyo. Kontena lilikuwa yadini siku zote, limelaliwa na mengine mawili. Kampuni ya meli ikasahihisha hati na manifesti (orodha ya mizigo ya meli), faini ikala karibu nusu ya faida, mchele ukatoka.

Sasa hati ikinifikia, napiga hesabu kabla meli haijang'oa nanga. Wakala ananiita profesa, na juzi kaniletea namba za wateja wake wawili nizikague.