Siku moja na takwimu za Kilifi: sensa tatu, mipaka mitatu

Saa mbili asubuhi

Kazi iliyo mezani kwangu msimu huu ni kuandaa jedwali la idadi ya watu wa Kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, kuanzia sensa ya 1999 hadi ya 2019, kwa mipaka inayolingana. Nataka wakazi watakapoitwa kutoa maoni kuhusu mipaka ya maeneobunge waende na kitu mkononi. Kifungu cha 89 cha Katiba kinasema mipaka ipitiwe upya kila baada ya miaka 8 hadi 12. Muda huo uliisha Machi 2024 na kazi haikufanyika, kwa kuwa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ilikuwa imekaa bila makamishna tangu Januari 2023. Itakapofanyika, watakaosikizwa ni wenye hesabu. Wenye kelele tupu watapewa chai na kurudishwa nyumbani.

Naanza na mtego wa kwanza, ambao nimeuona ukinasa hata watu wazito. Sensa ya 1999 inaipa Wilaya ya Kilifi watu 544,303. Ya 2009, ikipangwa kwa kaunti, inatoa 1,109,735. Ukiziweka bega kwa bega utasema Kilifi imeongezeka maradufu kwa miaka kumi. La hasha. Mwaka 1999 Malindi ilikuwa wilaya yake yenyewe, na ilikuwa na watu 281,552. Jumlisha hizo mbili upate 825,855, na ongezeko la kweli linakuwa kama asilimia 34. Bado ni kubwa, lakini si maradufu.

Saa nne

Vitabu vya 1999 nilivyonavyo ni picha za kurasa tu. Programu ya kusoma maandishi inachanganya 3 na 8, na mahali karatasi ilipokunjwa inaruka mstari mzima. Kijana wetu wa mafunzo ananisomea kwa sauti nami naandika. Dawa yake ni moja: kata ndogo, yaani ngazi ya chini kabisa ya utawala, zijumlishwe zitoe lokesheni, lokesheni zitoe tarafa, tarafa zitoe wilaya. Jumla isipolingana na iliyochapishwa, hatusongi.

"Bi mkubwa, kwani tusichukue tu jumla ya wilaya?" ananiuliza.

Namwambia wilaya haipo tena. Tarafa zimekatwakatwa, majina ya maeneobunge yamebadilika. Kilifi ilikuwa na maeneobunge matano: Bahari, Ganze, Kaloleni, Malindi na Magarini. Mwaka 2012 yakawa saba. Bahari ikaacha jina lake, zikaja Kilifi Kaskazini na Kilifi Kusini, na Rabai ikatoka Kaloleni. Kitu pekee kinachoweza kutuvusha kutoka sensa moja hadi nyingine ni kata ndogo, kwa sababu hata tangazo la kisheria la 2012 lililounda maeneobunge 290 na wadi 1,450 linaeleza kila wadi kwa kutaja kata ndogo zilizomo.

Saa sita na nusu

Hapa ndipo siku yangu inapokwama, na ndipo ningependa wasomaji wa pwani wanisome polepole.

Kwa hesabu ya 2009, eneobunge la Malindi lilikuwa na watu 162,712, na Kilifi Kaskazini 207,587. Fungua sensa ya 2019: Malindi 333,226, Kilifi Kaskazini 178,824. Mmoja amezaa maradufu, mwenzake amehama? Hakuna aliyehama. Takwimu za 2019 zimepangwa kwa kaunti ndogo za utawala, na Kilifi zimo tisa, wala si saba. Chonyi yenye watu 62,335 na Kauma yenye 22,638 ni kaunti ndogo zisizo na mbunge wake. Watamu inapiga kura Kilifi Kaskazini, lakini kwa utawala iko upande wa Malindi. Majina ni yale yale, ardhi ni tofauti.

Na hili si jambo la wasomi. Wakenya 47,564,296 wa sensa ya 2019 ukiwagawa kwa maeneobunge 290 unapata watu 164,015 kwa kila moja. Nje ya miji mikuu na maeneo yenye watu wachache, Katiba inaruhusu kupanda au kushuka kwa asilimia 30, yaani kati ya 114,810 na 213,219. Mtu akibeba ile 333,226 mpaka mbele ya tume ataomba Malindi igawanywe mara moja. Na Kilifi Kaskazini itaonekana imepungua, ilhali baadhi ya watu wake wamehesabiwa kwa jirani. Naona uchungu nikifikiria mzee wa Watamu akipoteza sauti yake kwa sababu ya kichwa cha safu kwenye jedwali.

Saa tisa

Amekuja mzee mmoja, naibu wa chifu mstaafu, niliyemwomba atusaidie. Shikamoo, marahaba, maji baridi, kisha namtandazia ramani. Nina kata ndogo moja ambayo 2019 ina watu wachache kuliko 1999, na haikuniingia akilini.

Anaweka kidole. "Mwanangu, hii ilikatwa mbili nikiwa kazini. Upande wa bara ukapewa jina jipya. Upande wa bahari ukabaki na jina la zamani." Anachukua kalamu na kuchora ulipopita mpaka, pole pole, akitaja maboma ya watu yaliyoangukia kila upande. Naunganisha vipande viwili kwenye jedwali, na idadi inapanda kama nilivyotarajia. Hakuna kitabu nilichokipata kilichoandika mgawanyo huo.

Saa kumi na moja

Simu kutoka Malindi, kijana wa kikundi cha vijana. Ana hamu: "Dada, ni kweli tunastahili viti viwili?" Namjibu asitumie 333,226 kwenye waraka wao. Angoje jumla ya kata ndogo zilizo ndani ya eneobunge lao pekee, ndipo tujue wako upande gani wa 213,219. Hakufurahi, lakini amekubali kungoja.

Kesho ni zamu ya Kaloleni na Rabai. Mwenye ramani ya zamani ya kata ndogo za huko, hata iliyochorwa kwa mkono katika ofisi ya chifu, naomba anipigie picha yake, pembe zote nne zionekane.