Aya Sita kwa Mwezi Mzima

Kila Januari makanisa mengi ya huku Kisumu hugawa karatasi ya kusoma Biblia nzima kwa mwaka. Sura ni 1,189, kwa hiyo ni sura tatu na ushee kwa siku. Mwanzo na Kutoka zina sura 90, na anayefuata ratiba huingia Walawi Januari ikielekea ukingoni, wakati karo imeshadaiwa. Anakutana na sheria za ukoma wa ngozi, wa nguo na wa kuta za nyumba, na karatasi inaishia hapo. Sina ugomvi na mpango huo. Humwonyesha mtu Biblia ilivyo tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini kama shida yako ni mawazo yanayokukosesha usingizi saa nane usiku, karo, deni la mkopo wa simu, kinyongo na shemeji, sura nne za mbio mbio hazitayafikia. Kwa kazi hiyo chukua aya sita, Wafilipi 4:4-9, ukae nazo mwezi mzima.

Anza na wazo lenyewe. Liandike daftarini jinsi linavyokujia, maneno yale yale: "Jumatatu watoto watarudishwa nyumbani." Usiandike "wasiwasi". Ukiandika wasiwasi utaomba kwa jumla, na jioni hutajua hata kama umejibiwa.

Wiki ya kwanza usikariri chochote. Soma Wafilipi yote kwa kikao kimoja, kwa sauti, angalau mara tatu. Ni sura 4, aya 104, na robo saa hivi inatosha. Wengi huruka hatua hii kwa sababu inaonekana haina matunda, na ndiyo inayozuia makosa mengi ya baadaye. Ukishasoma 1:13 unajua kwamba Paulo, anayesema "msijisumbue kwa neno lo lote" katika 4:6, yumo kifungoni. Ukishasoma 4:12, ambapo anasema amefundishwa kushiba na kuona njaa, huwezi tena kuitumia 4:13, "nayaweza mambo yote", kama ahadi ya kushinda tenda. Yeremia 29:11, ile ya "mawazo ya amani", nayo huteswa vivyo hivyo: inabandikwa kwenye vioo vya matatu, lakini aya iliyo kabla yake inawaambia waliohamishwa Babeli kwamba watangoja miaka sabini. Shetani mwenyewe, katika Mathayo 4, alinukuu maneno ya Zaburi 91. Alikosea matumizi.

Wiki ya pili anza kukariri, aya moja kwa siku tatu. Kata karatasi ya manila vipande vya ukubwa wa kiganja, andika aya kwa mkono wako, upande wa pili andika namba tu. Taja namba kabla na baada ya aya, la sivyo miezi miwili baadaye utaikumbuka aya lakini hutajua iko wapi. Kila asubuhi rudia zile za zamani kwanza, kisha mpya. Tumia tafsiri moja tu. Anayekariri leo kwa Union Version na kesho kwa Habari Njema huishia na mchanganyiko usiokaa kichwani. Na kama unaomba kwa Dholuo au Kiluhya, kariri kwa lugha hiyo hiyo. Wazo la usiku halikujii kwa lugha ya mimbarini.

Sasa kazi yenyewe. Kila wazo baya lina saa yake na mahali pake. Kwa mwendesha boda wa Kondele huenda ni mchana, abiria wameadimika, simu iko mkononi na beti iko pale pale. Kwa mama anayeuza omena, yaani dagaa, sokoni Kibuye ni jioni anapohesabu mauzo. Kadi iwe hapo, si kando ya kitanda. Wazo likija, litaje, sema aya ya 6, halafu fanya inachosema: omba kwa jina na kiasi, ukishukuru. "Bwana, ni shilingi 9,500, inatakiwa kufikia tarehe tano. Asante kwa ile elfu tatu iliyopatikana." Maombi ya namna hii ni mafupi, na akili haipati nafasi ya kuzunguka.

Kisha pitisha wazo kwenye aya ya 8, inayotutaka tuyatafakari mambo yaliyo ya kweli. Swali lake la kwanza ni la ukweli, na hapo ndipo mawazo mengi ya usiku hukwama. "Jumatatu watoto watarudishwa": je, shule imesema hivyo, au ni makisio yako? Kama ni makisio, kesho piga simu kwa mwalimu mkuu, uliza kama unaweza kulipa kidogo kidogo. Kama ni kweli, basi limekuwa jambo la kupanga, si la kugeuzwa geuzwa kitandani. Aya ya 9 inasema "yatendeni hayo", na simu hiyo kwa mwalimu mkuu ni sehemu ya kutafakari Neno. Anayekariri bila kupiga simu atarudi na wazo lile lile usiku unaofuata, akidhani Maandiko hayafanyi kazi.

Kwa tabia, tofauti na hofu, nenda Waefeso 4:22-32. Tazama mpangilio: aya ya 22 ni kuvua utu wa kale, ya 24 ni kuvaa utu mpya, na kufanywa wapya katika roho ya nia zenu kuko katikati, aya ya 23. Aliyefuta programu ya beti kwenye simu amevua tu. Aya ya 28 haimwachi mwizi kwenye kuacha kuiba. Inampa kazi ya mikono, na hata sababu ya kufanya kazi, apate cha kumgawia mhitaji. Kwa hiyo ile shilingi mia ya beti ipangiwe pa kwenda siku hiyo hiyo, chama cha akiba au sadaka au unga wa jirani. Ikibaki bila kazi kwenye simu itarudi ilikozoea. Ile nyumba ya Mathayo 12:44, ambayo pepo aliyetoka aliirudia, ilikuwa imefagiwa na kupambwa, ila ilikuwa tupu.

Kuhusu mstari wa siku unaotumwa kwenye kundi la WhatsApp, sina mengi. Unajibiwa "Amina" na kusukumwa juu na picha za harusi.

Jambo moja nalisema kwa msisitizo: usimchape mtu kwa aya. Aliyefiwa wiki jana, au asiyelala wala kula kwa wiki kadhaa na anasema afadhali afe, hahitaji kuambiwa afurahi siku zote. Eliya alipoomba kufa katika 1 Wafalme 19, alipewa mkate na maji, akalala, akaamshwa akapewa tena, ndipo safari na mazungumzo yakafuata. Mpeleke hospitali, kaa naye, aya zitakuja kwa wakati wake.

Mwezi wa pili chagua kifungu kulingana na wazo. Hasira, Yakobo 1:19-27. Tamaa ya pesa, 1 Timotheo 6:6-10. Wivu kwa jirani aliyejenga nyumba kwa pesa zisizoeleweka, Zaburi 73 yote, aya 28, hata ikichukua miezi mitatu. Hiyo usiikate, maana malalamiko yanashika nusu nzima ya kwanza na mgeuko uko aya ya 17. Atakayeishia ya 14 atabaki na wivu ule ule, sasa ukiwa na aya za kuutetea.