Nansio: nisalimie kwa lugha gani?

Tuliondoka Bandari ya Mwanza Kaskazini asubuhi kwenda Nansio, mji wa kisiwa cha Ukerewe, jiwe la Bismarck likabaki nyuma yetu, jeupe kwa vinyesi vya ndege. Mbele kulikuwa na saa tatu na ushee za maji matupu. Nikivuka huku huwa natupia jicho kwanza yalipowekwa maboya. Tangu kivuko MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Septemba 20, 2018, si mimi peke yangu mwenye tabia hiyo.

Kando yangu alikaa mama wa makamo na ndoo tatu tupu. Nikamwamkia kwa Kisukuma: "Mwangaluka, mayu." Akaitikia bila kusitasita. Simu yake ikaita, akapokea kwa Kijita. Mzee wa kiti cha mbele akageuka na swali lake, huyo akajibiwa kwa Kikerewe. Uzalendo ukanishinda.

"Samahani mama, kwani wewe kabila gani?"

Alicheka hadi ndoo zikagongana. "Baba Mjita, mama Mkerewe, mume Mkara. Sasa wewe mwanangu chagua."

Nimekulia Mwanza nikidhani Ukerewe ni ya Wakerewe, basi. Kumbe hata hao Wakerewe wana chimbuko ng'ambo: Wasilanga, ukoo wa watawala, walitoka Ihangiro huko Buhaya, ndiyo maana Mhaya akisikia Kikerewe hapotei sana. Kijita kina nduguze upande wa Musoma, na Kikara kimo humo humo. Sisi Wasukuma tulifuata samaki na mashamba, tukabaki.

Bukindo nilipelekwa na bodaboda kuiona nyumba ya ghorofa ya Omukama, mtemi wa Wakerewe, iliyojengwa kizungu. Watemi walishaondolewa madarakani baada ya uhuru, nyumba ipo. Njiani nilikuwa nikimwaza Aniceti Kitereza, mwana wa kisiwa hiki, aliyemaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilisubiri miaka 35 kuchapishwa, tena kwa Kiswahili alichokitafsiri mwenyewe. Kijana wa bodaboda hakuwahi kulisikia jina hilo. Nami sikumlaumu, maana nililifahamu ukubwani.

Sokoni Nansio ndipo nilipokaa sana. Udaga, yaani muhogo mkavu, umeanikwa, dagaa wananukia mpaka barabarani, na machungwa, hayo ambayo Mwanza tunayaita ya Ukerewe kana kwamba hakuna mengine. Muuzaji alimtajia bei mteja wa mbele yangu kwa Kijita. Mimi akanigeukia kwa Kiswahili, na bei ikapanda palepale. Nikaanza kubembeleza kwa Kisukuma.

Akaniangalia juu mpaka chini. "Kumbe ni wa hapa hapa! Sasa ulikuwa unajifanya mgeni wa nini?"

Akashusha bei, kisha akanitupia mawili ya nyongeza mfukoni.