Tui, mchanga na sinia la mafuta: uzoefu wangu na jiko la peleti

Miaka mitatu iliyopita ami yangu anayeishi Muscat alituletea, ndani ya kontena la vyombo vya nyumbani, jiko la kuchomea nyama linalotumia peleti, yaani vipande vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa. Alilikusudia kwa nyumba yetu ya wageni hapa Jambiani, Zanzibar, na kwa kuwa mwenye dhamana ya jikoni ni mimi, kulitunza kukawa juu yangu. Kulipikia nilikuzoea ndani ya wiki moja: parafujo ndefu husukuma peleti kutoka kwenye kasha hadi kwenye kikombe cha moto, feni hupuliza, na kidhibiti hushikilia joto ulilolichagua. Kilichonishinda kwa karibu mwaka mzima ni sinia la mafuta, lile bati pana lililo chini ya wavu, lililoinamishwa upande mmoja ili mafuta yanayodondoka yatiririkie mferejini na kuishia katika kindoo kinachoning'inia nje.

Majiko ya namna hii yalianzia Oregon, Marekani, katika miaka ya 1980, na sidhani kama mbunifu wake, Joe Traeger, alipata kufikiria kuku wa kupaka, yaani kuku wa kuchoma anayepakwa tui la nazi. Mafuta ya nyama yakipata joto huyeyuka na kwenda zake. Tui la nazi, pamoja na mafuta yake, lina maji, sukari na protini, kwa hiyo likidondokea bati la moto maji hukauka na kinachobaki huungua kikaganda kama lami. Juu ya gamba hilo hata mafuta ya kuku hayatiririki tena, hutuama, na majivu mepesi yanayopeperushwa na feni huyageuza kuwa tope jeusi.

Tope hilo ndilo lililowaka siku ya Iddi Mosi. Nilikuwa nimechoma kuku wa kupaka usiku mbili mfululizo bila kuligusa sinia, kisha nikapanga mbavu za mbuzi na kupandisha joto. Moshi mwembamba ukageuka mweupe na mzito, na kipimo kikawa kinapanda chenyewe. Nilifunua kifuniko, jambo ambalo sikupaswa kulifanya, na ndimi za moto zikaruka juu, hatua chache tu kutoka ukingo wa paa la makuti. Kijana anayenisaidia alikwisha kunyanyua ndoo ya maji. Nilimpigia ukelele aiweke chini, kwani maji yakiingia katika mafuta yanayowaka hugeuka mvuke kwa ghafla na kuyarusha mafuta kila upande. Nilishusha kifuniko, nikachomoa waya wa umeme ili feni iache kuupepea moto, tukasubiri mpaka ukafa kwa kukosa hewa. Mbavu zile hazikufaa hata kwa paka. Jiko tulilihamishia mbali na paa siku hiyohiyo.

Kwa aibu niliyokuwa nayo, kesho yake nililisugua sinia kama tunavyosugua masufuria tangu utoto: mchanga, majivu na kumbi la nazi. Liling'aa, na mama akanisifu. Lakini sinia letu ni la chuma kilichopakwa enameli, halistahimili mchanga kama sufuria ya alumini, na upepo wa kusi katika pwani hii ya mashariki hubeba chumvi mpaka ndani ya makabati. Wiki mbili hazikupita kabla kutu haijajitokeza palepale nilipokwaruza, na penye kutu uchafu hushika maradufu.

Tangu hapo nimeacha kulisugua kwa nguvu. Ninalitandika foili nene kabla ya kupika. Vipande ninavipanga kama yanavyoezekwa makuti, nikianzia upande wa chini ulio karibu na mfereji, kisha cha juu kikilalia cha chini, ili mafuta yasipenye katikati yao. Ninavilaza kwa kitambaa mpaka mikunjo iishe, maana kila mkunjo ni kidimbwi. Mdomo wa mfereji ninauacha wazi, na foili haipiti kingo za sinia, kwa sababu nilipoiachia ining'inie iliziba njia ya hewa ya moto na kuku wa upande mmoja wakabaki wabichi. Kwa nyama tupu foili moja hunitosha mara tatu. Nikipaka tui, ninaibadilisha kila mara, na gharama hiyo nimeikubali.

Wakati wa kulishughulikia sinia una maana kuliko sabuni. Jiko likiwa limezimwa na sinia limebaki na uvuguvugu unaovumilika kwa mkono, mafuta hukokoteka kwa mwiko wa mti niliouchonga ncha bapa. Ukingoja asubuhi, mafuta ya mbuzi huganda kama mshumaa. Palipoganda tui ninaweka kitambaa kilicholowa maji ya moto na magadi ya kupikia kwa muda wa saa moja, ninakokota, ninaosha, ninalianika juani, kisha sehemu zenye kutu ninazipaka mafuta kidogo ya kupikia. Mafuta ya kindoo ninayamimina katika kopo tupu la maziwa lenye kifuniko. Nilipoyamwaga mchangani hapo mwanzo, sisimizi na harufu vilitukalia wiki nzima.

Mama hakuacha kusema, "Mwanangu, jiko la mkaa halina maneno haya," nami sikuwa na la kumjibu. Hata hivyo yeye ndiye aliyenipa dawa ya tui. Sasa kuku ninamchoma mkavu, na dakika kumi za mwisho ninamhamishia katika kisinia kidogo juu ya wavu, nikampakia humohumo. Tui linalodondoka halifiki chini tena; ninalirudisha sufuriani na kulimimina juu ya kuku mezani.